Gari Linapoyumba, Mkono Utulie



Juma lililopita, baada ya Misa ya jioni, mama mmoja wa parokia yetu alitujia akiwa na simu ya mwanawe mkononi. Alikuwa amemnyang'anya kijana huyo kwa sababu alimkuta usiku wa manane akiendesha basi katika mchezo wa simu, huku mitihani ya kidato cha pili ikikaribia. Alituomba mambo mawili: tuifungie simu hiyo kabatini, na Dominika inayofuata tuikemee michezo hiyo altareni.

Simu hatukuipokea. Tuliomba kwanza kuonana na kijana mwenyewe, naye akatueleza kilichomkesha. Basi lake lilikuwa likiyumba. Kila lilipopata mwendo, mkia ulianza kucheza. Na kila alipojaribu kulinyoosha, lilizidi kuyumba mpaka likalala ubavu.

Mchezo wenyewe ni Bus Simulator Indonesia, uliotolewa mwaka 2017. Umependwa na vijana wetu kwa kuwa humruhusu mchezaji kuingiza magari na rangi za kwao, hata mabasi yanayofanana na yale wanayoyaona kituoni. Tuliomba tujaribu. Tunakiri kwamba hatukufika mbali. Kona ya pili tu tulikuwa tumekwisha kuwapindua abiria wote, na kijana akacheka kwa adabu.

Hata hivyo tulijifunza jambo. Sababu ya kwanza ya kuyumba ilikuwa katika mipangilio. Kijana alikuwa akiongoza kwa kuinamisha simu, na wepesi wa usukani ulikuwa umewekwa juu mno, hata mtetemo mdogo wa kiganja ukawa kona kali. Sababu ya pili ilikuwa simu yenyewe: ni ya zamani, nayo picha huchelewa. Jicho linapopata habari kwa kuchelewa, mkono nao hujibu kwa kuchelewa. Sababu ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa dereva. Alingoja mpaka basi limekwisha kwenda upande, ndipo akakata usukani kwa nguvu kwenda upande wa pili. Basi likavuka mstari, naye akakata tena kwa nguvu zaidi. Kisha akakanyaga breki katikati ya kona, uzito ukahamia mbele, magurudumu ya nyuma yakawa mepesi, na mkia ukaponyoka.

Dawa yake inajulikana na kila dereva mzoefu: punguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake, tazama mbali, usitazame pua ya gari, sahihisha mapema, tena kidogo kidogo. Hekima hiyo ni ya kale katika nchi hii ya Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea njia ya misafara kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa majuma mengi. Mwenye kubeba mzega, yaani fito yenye mzigo kila ncha, anajua kwamba ncha moja ikianza kucheza, hairukii kuivuta. Hutuliza hatua, na mzigo hutulia wenyewe.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kitoto. Lakini mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalitiwa katika mchezo wa WRC 9 mwaka 2020, wakati yale ya kweli yalipofutwa kwa sababu ya janga la Korona. Mwaka 2021 yakarejea katika ubingwa wa dunia, kwa mara ya kwanza tangu 2002. Watu wazima wenye akili timamu hukaa kujifunza namna ya kulituliza gari katika vumbi la kompyuta. Jambo lenye kumfundisha mtu utulivu wa mkono halistahili kulaaniwa altareni.

Basi tulimgeukia mama kwa upole, kwa maana tuliona kwamba naye alikuwa akiendesha kama mwanawe. Kwa miezi mingi kijana alicheza bila kuulizwa neno. Siku hatari ilipoonekana wazi, usukani ukakatwa wote kwa mara moja: simu imenyang'anywa, kijana amefokewa, padre ameitwa. Tunajua yatakayofuata katika nyumba nyingi. Baada ya juma moja huruma humshika mzazi, simu hurudishwa bila sharti lolote, na nyumba huyumba kwenda upande wa pili. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kumkunja mkavu kwa nguvu ni kumvunja.

Hatusemi kwamba mchezo hauna hatari. Hatari yake ni kile kitufe cha kuanza upya. Basi likipinduka simuni, abiria hufufuka mara moja. Katika barabara ya Nzega au Urambo hakuna kitufe hicho, na kijana aliyezoea kuanguka bila maumivu aweza kupanda pikipiki ya mjomba wake akiwa na moyo uleule. Hata Kitubio, wapendwa, si kitufe cha kuanza upya: Mungu husamehe kweli, lakini tulichovunja hutubidi kukitengeneza. Hayo tulimwambia kijana waziwazi, naye hakucheka.

Tulikubaliana hivi: simu irudi, izimwe saa 3 usiku mpaka mitihani ipite, na mama akae naye nusu saa kila Jumamosi amwone akiendesha. Mama alishangaa kwamba hatukumpa adhabu kali zaidi. Tulimjibu kwamba kukaa karibu na mtoto ni kazi ngumu kuliko kumnyang'anya simu, na ndiyo sababu wengi wetu huchagua kunyang'anya.

Wazazi, msingoje mkia uponyoke. Ulizeni mapema, sahihisheni kidogo, tena kila siku. Tunawatakia Dominika njema.