Kusema 'nataka Ulaya' hakutoshi

KILA dirisha la usajili likifunguliwa, wimbo ni uleule. Dogo anakabidhiwa jezi mpya, anapigwa picha na mabosi, kisha anashika maikrofoni: "Ndoto yangu ni kucheza Ulaya." Mashabiki wanashangilia. Msimu unaisha, dogo kacheza mechi sita, mguu wa kushoto bado kazi yake ni kupandia daladala, na ndoto ni ileile.

Tatizo si ndoto. Tatizo ni kwamba haina namba wala tarehe. Winga anayesema "nataka Ulaya" hana cha kufanya kesho asubuhi. Lakini anayesema, "hadi Desemba niwe na asisti tano, na kila baada ya mazoezi nabaki kupiga krosi 40 kwa mguu wa kushoto," huyo anajua aondoke nyumbani saa ngapi. Akishindwa, anaona ameshindwa wapi.

Mfano upo hapahapa. Mbwana Samatta hakupaa kutoka Mbagala hadi England. Alipita African Lyon, akaenda Simba 2010, mwaka uliofuata akatua TP Mazembe. Kule Lubumbashi alivumilia misimu kadhaa mpaka akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akasaini Genk. Si Madrid wala Barcelona, ni Genk, mji ambao vijiwe vingi vya Dar vilikuwa havijawahi kuusikia.

Huko nako alikaa miaka minne. Akawa bingwa wa Ubelgiji 2019, akaifunga Liverpool palepale Anfield, ndipo Januari 2020 Aston Villa ikamchukua. Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu England. Ukihesabu tangu alipoondoka Msimbazi, ni zaidi ya miaka minane ya kupanda ngazi mojamoja.

Na Villa mambo hayakunyooka. Mwaka haukuisha akahamia Fenerbahçe. Wengi wangerudi nyumbani kula raha za ustaa. Yeye aliendelea kupambana, na 2024, akiwa na miaka 31, akatwaa ubingwa wa Ugriki akiwa na PAOK. Lengo moja likigoma, unaweka jingine, safari inaendelea.

Wapo watakaosema Samatta ana kipaji cha peke yake. Sawa. Lakini viwanja vya ndondo vimejaa wenye vipaji ambao leo wana miaka 35 na bado wanasimuliwa kwa neno moja tu: "angekuwa." Soka halimsubiri mtu. Miaka kumi ya mchezaji inapita kama dakika za nyongeza.

Klabu nazo zisijitoe. Kocha akae na kijana mwanzo wa msimu, waandike malengo matatu, na kila mwisho wa mwezi amuulize yamefikia wapi. Karatasi na kalamu havihitaji mdhamini.

Mashabiki nao wapunguze makofi ya bure. Dirisha lijalo, dogo akishika maikrofoni na kutaja Ulaya, aulizwe swali moja tu: kesho saa kumi na mbili asubuhi utakuwa wapi?