Shule Inayokataa kwa Mdomo

Haki ya mtoto kusoma imeandikwa. Kumkataa hakuandikwi. Ugomvi wangu uko hapo.

Ndugu msomaji, tuanze na maandishi yenyewe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake aliyefikia umri ameandikishwa shule ya msingi. Asipofanya hivyo, mwenye kosa ni yeye. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayompa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida na kupata huduma anazohitaji. Mwaka 2016 tuliambiwa elimu ni bila malipo mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka kidato cha sita. Kwenye karatasi, kazi imekwisha.

Sasa mfuate mama mwenye mtoto asiyesikia, au mwenye usonji, siku ya kuandikisha darasa la kwanza. Mara nyingi hataambiwa "hapana". Ataambiwa: "Mama, mtoto tunampenda, ila hapa hatuna kitengo. Jaribu ile shule ya kule." Kule ni daladala mbili. Akifika: "Kitengo kipo, lakini ni cha wasioona." Au: "Nafasi zimejaa, njoo mwakani." Au ile inayouma zaidi: "Mlete, lakini uwe unakaa naye." Basi mama anafunga genge lake, anashinda chini ya mwembe wa shule mpaka saa nane. Ada hakuna, ni kweli. Ila nauli ipo, na kipato cha nyumba kimekwenda.

Na barua iko wapi? Hakuna. Mtoto huyu hajakataliwa popote, maana hakuna karatasi inayosema amekataliwa. Ukiuliza ofisini utaoneshwa idadi ya walioandikishwa. Ya waliorudishwa getini wataitoa wapi? Mtoto anabaki nyumbani, na anayeonekana mzembe ni mzazi. "Wazazi wanaficha watoto wenye ulemavu," tunahubiriwa kila mara. Wapo wanaoficha, sikatai. Lakini jamani, aliyezungushwa shule tatu akachoka, naye kaficha?

Najua jibu: walimu hawatoshi. Kweli kabisa. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, ambaye hakupita Patandi wala hakufundishwa lugha ya alama, si adui wa mtu. Lakini upungufu usioandikwa haujazwi. Mwalimu mkuu anayemwelekeza mama kwa upole aende "kule" anaisaidia serikali isijue. Angeandika mistari mitatu tu, jina la mtoto, mahitaji yake, na kile ambacho shule haina, halmashauri ingekuwa na deni lenye tarehe na mhuri. Barua hiyo ingemtetea hata yeye mwenyewe.

Kwa hiyo mzazi, usiondoke pale na pole. Ondoka na barua. Wakigoma kuandika, andika wewe: tarehe, aliyesema, alichosema. Nakala moja kwa afisa elimu kata, nyingine kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, na ya tatu wagonge mhuri wa kupokea ubaki nayo. Barua moja haileti mwalimu. Barua arobaini kutoka kata moja ni vigumu kuzikalia.

Na sisi wapenda vitabu? Tumezoea kulalamika eti watu hawasomi, wakati kuna watoto ambao hawajapewa hata herufi ya kwanza, wala nukta nundu ya kwanza. Akina mama wengi wanaozungushwa hawana mazoea ya kuandikia ofisi. Sisi tunayo. Tunajaza kurasa tano kubishana juu ya mwisho wa riwaya. Ukurasa mmoja kwa ajili ya mtoto wa jirani utatushinda?