Mlipa Kodi Naye Apewe Cheti

Katika ukurasa huu leo twataka kuzungumza juu ya kodi. Wengine watasema hayo ni mambo ya siasa, hayafai gazeti la misioni. Sisi hatuoni hivyo. Pesa za kodi zinatoka katika mfuko ule ule unaonunua unga na chumvi, nazo zinapopotea, mtoto ndiye anayekaa chini darasani, na mama ndiye anayejifungua kwa mwanga wa simu ya mkunga.

Tuanze na simu hiyo. Mwezi wa Septemba 2020 Serikali ilianza kutoza malipo yaliyoitwa RAM, yaani daftari la simu za mkononi. Ilisemwa kwamba daftari hilo litasaidia kutambua simu zilizoibwa na simu za bandia. Mwenye simu ndogo alitozwa dola 1 kwa mwaka. Mwenye simu ya intaneti, dola 7. Hakuna mtoza kodi aliyebisha hodi mlangoni. Yuniti zilikatwa zenyewe ndani ya simu: mtu alinunua yuniti jioni, na asubuhi alipotaka kuuliza habari za mgonjwa akakuta zimepungua. Watu wakanung'unika nchi nzima. Mwaka 2021 wabunge walimwita waziri, wakamwuliza neno lile ambalo kila muuza mihogo sokoni alikuwa akiliuliza: pesa hizi zinaingia katika mfuko gani? Majibu hayakutuliza watu, na mwanzoni mwa mwaka 2022 malipo hayo yakaondolewa.

Watu walifurahi, kisha wakasahau. Lakini twafikiri inafaa kuuliza ni kitu gani hasa kilichochoma mioyo. Si dola peke yake, kwa maana Wakongo wamelipa makubwa zaidi kimya kimya. Kilichochoma ni kwamba pesa zilitoka bila cheti, na zilipokwisha kutoka hakuna aliyeziona tena.

Jambo hilo si la jana. Kwa amri ya mwaka 1903, Serikali ya mfalme Leopold II ilimdai mtu kazi ya saa 40 kila mwezi kuwa kodi yake. Baadaye, chini ya Wabelgiji, ikaja kodi ya kichwa, na mwanamume ilimpasa kuonyesha kwamba amelipa. Cheti kilikwenda upande mmoja tu: mtawaliwa alimwonyesha mtawala. Mtawala hakuwa na lazima ya kumwonyesha mtawaliwa neno lolote. Bajeti ya koloni ilikubaliwa kila mwaka na Bunge la Ubelgiji, ambamo hakukuwa na Mkongo hata mmoja.

Leo sheria imegeuza mambo, ingawa desturi bado haijageuka. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema kwamba kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Yaiagiza Serikali kupeleka bajeti mbele ya wabunge kabla tarehe 15 Septemba haijapita. Tena, katika kifungu cha 173, yaagiza kwamba kila mwaka Korti ya Hesabu ipeleke Bungeni hesabu kuu ya Jamhuri pamoja na maoni yake. Hicho ndicho cheti cha pili, cheti anachopaswa kupewa mlipa kodi. Wengi wanafuatilia kelele za bajeti, mabilioni yatakayotumiwa. Wachache sana wanauliza juu ya hesabu ya mabilioni yaliyokwisha kutumiwa. Na hii ya pili ndiyo iliyo kubwa, kwani ahadi haimlishi mtu.

Akina mama wa parokia zetu wanafahamu mambo haya kuliko wakubwa wengi. Tazameni kikundi cha AVEC, ambamo watu wa kijiji wanaweka akiba na kukopeshana. Sanduku lao lina makufuli matatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na anayelitunza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Linafunguliwa siku ya mkutano, mbele ya wote. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, na kila mmoja anakumbuka kwa kichwa kiasi kilichobaki juma lililopita. Hakuna anayesema kwamba mama mkubwa wa kikundi ni mwizi. Makufuli yamewekwa ili hata mtu mwema asijaribiwe siku mtoto wake anapougua na sanduku liko chini ya kitanda.

Serikali nayo ina makufuli yake, na yametengenezwa vizuri. Kabla ya kulipa, kwanza matumizi yaandikwe ndani ya bajeti. Kisha ihakikishwe kwamba kazi imefanyika na deni ni la kweli. Kisha mkubwa aamuru malipo. Mwisho mtunza fedha alipe. Sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011 yataka mwenye kuamuru asiwe ndiye mwenye kutoa. Lakini nyumba hiyo ina mlango wa nyuma, na jina lake ni matumizi ya haraka. Kweli yako mambo yasiyoweza kungoja. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na kuteketeza nyumba za watu, nani angewaambia wangoje sahihi nne? Hatulaumu hayo. Twalaumu kwamba mlango wa wakati wa moto umekuwa mlango wa kila siku, hata Shirika la Fedha la Kimataifa limelalamika mara nyingi juu yake. Mama ambaye angefungua sanduku usiku kila juma na kusema kulikuwa na haraka, wenzake wangemwuliza: haraka gani hiyo isiyokwisha?

Hapa wengine wanatujibu: kama ni hivyo, basi tusilipe. Hapana. Bwana wetu, alipoonyeshwa sarafu ya Kaisari, hakuwapa wasikilizaji wake ruhusa hiyo. Nao Maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, waliwakemea waziwazi wanaokwepa kodi za haki kwa hila. Mfanyabiashara anayempa karani wa forodha kitu kidogo ili mzigo wake uandikwe nusu ameliibia sanduku lile lile. Na mara nyingi, tumesikia, ndiye anayepiga kelele kuliko wote juu ya ubovu wa barabara. Kulipa ni wajibu. Lakini aliyelipa amepata haki ya kuuliza, na anayeuliza kwa heshima si mwasi.

Aulize wapi? Kinshasa ni mbali. Aanze pale karibu. Sheria ya migodi iliyogeuzwa mwaka 2018 imegawa malipo ambayo kampuni zinatoa kwa ajili ya madini yetu: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 hiyo, katika nchi ya shaba na kobalti, katika Lualaba na Haut-Katanga, si haba. Kwa sekta iliyozoea kuishi kwa ushuru wa soko, ni mali ambayo mababu hawakuiota.

Na hapo ndipo twaona jambo la kusikitisha. Shule inajengwa vyumba vitatu, inapakwa rangi, kibao kinaandikwa kwamba ni zawadi ya mkubwa fulani. Wanafunzi wanaimba, kina mama wanapiga vigelegele. Hatumkatazi mtu kuimba. Lakini zawadi ni kitu ambacho mtu anakitoa katika mali yake. Shule hiyo imejengwa kwa mali ya wale wale wanaoimba! Kwa kuwa wameambiwa ni zawadi, wanaona haya kuuliza bei yake, nani aliyejenga, na kama zilitosha kwa vyumba vitatu au kwa sita.

Twaomba kitu kidogo sana: karatasi moja, ibandikwe ukutani mwa ofisi ya komini au ya sekta kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili, yenye hesabu tatu: zilizoingia, zilizotoka na kwa kazi gani, zilizobaki. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Makarani wengi wa ofisi hizo wamesoma katika shule zetu. Hesabu tuliwafundisha sisi walimu, na amri ya saba waliifundishwa na katekista.

Mwezi wa Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa katika baadhi ya komini za nchi yetu. Walipotafuta kura walipita nyumba kwa nyumba, wakaketi juu ya viti vyetu, wakanywa maji yetu. Wengi wao twasali nao Jumapili. Karatasi hiyo waulizwe wao kwanza, baada ya Misa, pale nje penye kivuli, mbele ya watu.