Nyumba ya mdogo, funguo kwa yaya



Juma lililopita, kikao cha likelemba kilipokwisha, mmoja wetu alibaki nyuma. Wengine walikuwa wanakunja viti. Alitoa funguo kwenye kitambaa chake cha kiunoni, akaziweka mezani mbele yetu. "Nimechoka nazo," akasema. "Mtafutieni mtu mwingine."

Zilikuwa funguo za nyumba ya mdogo wake, anayefanya kazi ya kutunza wazee kule Bruxelles. Nyumba iko Mangobo. Kuta zimesimama, manjanja yako juu, kilichobaki ni finisaji: krepisaji, milango, plafoni, karo, rangi, choo. Watu wakipita njiani wanasema nyumba imekwisha. Sisi ambao tumewahi kusimamia nyumba ya mtu tunajua kwamba hapo ndipo kichwa kinaanza kuuma.

Si yeye peke yake. Tangu Makiso hadi ng'ambo kule Lubunga, ni vigumu kukosa nyumba ya namna hii: mwenyewe yuko Ulaya, Marekani au Afrika Kusini, nyumba inapanda polepole kwa kadiri feza inavyofika, na hapa mjini kuna mama mmoja anayezunguka na funguo. Tunazungumza sana juu ya mtoto aliye Ulaya. Juma hili tuzungumze juu ya mwenye funguo.

Mambo yalivyokwenda

Mdogo mtu alituma dola 450 za milango na madirisha. Juma hilohilo, mjukuu wa yaya akashikwa na malaria kali, akalazwa, akahitaji kuongezewa damu. Feza ilikuwa nyumbani, mtoto alikuwa kitandani. Yaya alichukua dola 120, akijiambia atazirudisha zamu yake ya likelemba itakapofika. Nani kati yetu asingefanya hivyo?

Kosa lilikuwa kunyamaza. Badala ya kupiga simu, alimwendea seremala mwingine mwenye bei ya chini, ili kazi itoke kwa feza iliyobaki. Mbao zilikuwa mbichi. Miezi miwili baadaye milango ilipinda, mmoja haufungi, mwingine haufunguki. Mdogo akauona mlango kwenye video, akauliza. Yaya akajibu kwamba ni mvua. Kisha binamu mmoja, mwenye mdomo mwepesi, akaeleza habari yote.

Mdogo hakutukana. Alikata simu, akanyamaza wiki tisa. Kazi ikasimama. Mifuko 11 ya simenti iliyokuwa chumbani ikageuka mawe.

Tulipoketi na yaya, tulimwomba atuhesabie na yale ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Kwa miaka miwili alikuwa anafunga meza yake sokoni siku mbili kila juma ili aende kusimamia mafundi. Toleka ya kwenda na ya kurudi, yeye. Yuniti za simu za kutuma video, yeye. Sombe na samaki wa mafundi siku ya kumwaga zege, yeye. Jumla ilipita mbali zile dola 120. Mdogo hakujua, kwa sababu yaya hakusema. Naye yaya hakusema kwa sababu kwetu mkubwa hamtumii mdogo wake hesabu.

Hapo ndipo tulipoona kwamba hakuna mwizi katika habari hii. Kuna watu wawili waliopendana bila kupatana. Basi haya ndiyo tuliyojifunza, sisi na wengine tuliokwisha kupita njia hiyo.

Feza na funguo zisilale mkono mmoja

Mwenye funguo asiwe ndiye anayeweka feza. Si kwa sababu haaminiki. Ni kwa sababu katika nyumba zetu feza iliyo karibu haina jina: ugonjwa unaijua njia, kilio kinaijua njia, minerval ya watoto inaijua njia. Mtu wa pili, mpwa au dada mwingine, apokee kwa Western Union au kwa simu, alipe duka na fundi, na mwenye funguo athibitishe kwamba kitu kimefika.

Kaye moja inatosha. Upande wa kushoto andika kilichoingia na tarehe. Upande wa kulia kilichotoka, jina la duka, idadi. Risiti ibandikwe hapohapo. Kila Jumapili piga picha ukurasa na kuutuma. Na dharura ikitokea, ipigiwe simu siku ileile, hata kama ni usiku. "Mdogo wangu, mtoto amelazwa, nimechukua 120" ni maneno machache. Yakikaa miezi miwili yanakuwa mazito kuliko nyumba.

Fundi alipwe kwa kipande cha kazi kilichokwisha, si kwa siku wala kwa ahadi. Chumba kimoja kimekwisha krepisaji, kimetazamwa, kimelipwa. Sehemu ya mwisho ya feza ibaki hadi milango yote imefungwa na kufunguliwa mbele yako.

Kazi ina mpangilio wake

Wenzetu wa Ulaya wakituma feza hupenda kuona kitu kinachong'aa. Wanaomba karo na rangi kwanza, ili wawaonyeshe rafiki zao picha. Mwenye funguo lazima awe na nguvu ya kusema hapana.

Tiyo za maji na za umeme ziingie ukutani kabla ya krepisaji. Ukisahau, utalipa mara mbili: kubomoa na kurudishia. Baada ya krepisaji, ukuta umwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba hivi. Ukikauka haraka unapasuka. Kisha uachwe upumue kama wiki nne kabla ya rangi. Rangi juu ya ukuta wenye maji inavimba na kubanduka. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, mvua hainyimi mwezi wowote, na kuanzia Septemba hadi Novemba inazidi. Januari na Februari ni afadhali kwa kazi za nje na rangi.

Simenti inafika kwetu imechoka safari. Nyingine inapanda mto kwa mashua kutoka Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,700. Nyingine inakuja kwa malori kutoka Uganda kupitia Mambasa, Niania na Bafwasende. Kabla ya kulipa, binya pembe za mfuko. Ukisikia mabonge yasiyovunjika kwa vidole, uache. Nunua ya kutosha kazi ya juma moja au mawili tu, uipange juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Usinunue mifuko mingi kwa sababu feza imeingia.

Hesabu brueti za mchanga wewe mwenyewe. Kwa krepisaji, mfuko mmoja wa kilo 50 unakwenda na brueti mbili hadi tatu. Ukiona fundi anaweka sita, jua mifuko mingine ina safari yake. Siku mbili tatu baada ya karo kubandikwa, zigonge kwa fimbo ndogo, moja baada ya moja. Ile inayolia kama debe tupu haikushika. Irudiwe kabla fundi hajalipwa.

Juu ya mbao, tumezungukwa na msitu, kambala na lifaki zinapita mbele ya macho yetu kila siku. Shida yetu ni haraka. Ubao uliopasuliwa mwezi huu si wa mlango wa mwezi ujao. Nunua mbao mapema, zikiwa ndizo feza za kwanza za finisaji, uzipange kivulini, na vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Ziache miezi. Zikikauka zinakuwa nyepesi mkononi na hazipindi tena.

Choo kisisahauliwe kwa sababu hakionekani kwenye picha. Shimo liwe mbali na kisima kadiri inavyowezekana. Wataalamu wa usafi wanashauri mita 30. Parsele zetu nyingi ni finyu, basi pima na kisima cha jirani pia, kwa sababu watoto wake wanacheza na wako.

Karatasi kabla ya rangi

Hapa ndipo wamama wengi wanafumba macho. Nyumba ya mdogo imejengwa juu ya parsele ya nani? Kwa jina la nani?

Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wote wa nchi yetu ni mali ya Serikali. Mwananchi anapewa haki ya kuutumia. Karatasi ya kununua iliyoandikwa mbele ya shefu wa kartie ni mwanzo tu. Kinacholinda nyumba ni cheti cha uandikishaji kinachotolewa na konservateri wa hati za ardhi, na baada ya miaka miwili cheti hicho hakiwezi tena kushambuliwa. Kabla ya kukipata kuna mkataba wa upangaji, na lazima ionekane kwamba parsele imejengwa. Maana yake ni kwamba wakati wa finisaji ndio wakati wa kwenda kutafuta cheti. Tusingoje sherehe ya kuingia.

Kuna jambo lingine ambalo mdogo wetu mwenyewe hakulijua. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Konsesio ya kudumu ni ya Wakongo peke yao. Mgeni anapewa ya muda, miaka 25 inayoweza kurudiwa. Anayefikiria kuchukua uraia wa Ubelgiji atafute shauri la mwanasheria juu ya nyumba yake kabla, asije akauliza baada.

Na kama ana mume au mke, wapatane. Tangu Kanuni ya Jamaa ilipogeuzwa Julai 2016, mwanamke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya mume ili atie sahihi. Sasa bwana na bibi wanapaswa kupatana wote wawili. Yaya anayefuata karatasi awe na barua ya mamlaka yenye muhuri wa notere. Maneno ya WhatsApp hayatoshi mbele ya ofisi, na siku mmoja akifa hayatoshi mbele ya jamaa.

Tunalisema hili kwa uchungu. Waliokuwa hapa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya mji wetu, wanajua nyumba inavyoweza kuondoka mchana mmoja. Aliyepoteza kuta na karatasi pamoja alibaki hana hata neno la kusema. Weka nakala kwa ndugu, na nyingine Ulaya.

Mwenye funguo naye ni mfanyakazi

Mdogo anamlipa masoni, analipa seremala, analipa mlinzi. Yaya anamshukuru. Shukrani haijazi sufuria.

Tunawaomba ninyi mlio na watoto na ndugu nje: kabla ya mfuko wa kwanza wa simenti, patana juu ya posho ya mwenye funguo. Iwe ndogo, lakini iwe na siku yake, na iandikwe kwenye kaye pamoja na toleka na yuniti. Kuomba posho si tamaa. Anayelipwa anaweza kuonyesha hesabu bila aibu, na anayelipa anaweza kuuliza bila kuonekana hana heshima kwa mkubwa wake.

Jumamosi jioni tulipiga simu Bruxelles, wamama watatu na yaya katikati. Alianza yeye. Alisema habari ya mjukuu, alisema dola 120, alisema habari ya mbao. Kisha tukasoma ile hesabu nyingine, ya miaka miwili. Upande wa pili kukawa kimya, hata tukadhani laini imekatika. Halafu tukasikia: "Yaya, kwa nini hukuniambia?" Naye yaya akajibu: "Na wewe, kwa nini hukuuliza?" Wakalia wote wawili, na sisi tukatazama pembeni.

Hawajapatana juu ya kila kitu. Milango itatengenezwa upya, na ile iliyopinda itafunika jiko la nje. Feza sasa zitapokelewa na binti wa shangazi yao. Simenti iliyogeuka mawe imevunjwa, imetupwa kwenye tope la njia ya kuingilia. Yaya atapata posho yake kila tarehe 5, na meza yake ya sokoni itafungwa siku moja kwa juma tu.

Alipoondoka alichukua funguo zake mezani. Aliuliza tu kama tuna kaye mpya.

Juma lijalo, yeyote anayesimamia nyumba ya ndugu aje na yake, imejaa au tupu. Tutazifungua pamoja.