Wakaguzi wa unga waje kabla ya mavuno





Mimi ni meneja wa chama kinachonunua mahindi ya wanachama, kuyasaga na kuuza unga hapa Kilosa na huko Mikumi, kwenye barabara kuu iendayo Zambia. Msimu uliopita nilikataa magunia 12 ya mzee mmoja mwanachama kwa kuwa mahindi hayakuwa yamekauka. Mkutanoni nikaambiwa najifanya serikali. Wiki chache baadaye alikuja mkaguzi, akakuta magunia mengine yaliyonipita yameota ukungu, akafunga ghala. Wanachama wale wale wakasema mimi ni mzembe!

Mkaguzi simlaumu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala kupika ugali hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Meneja anayefumba macho ili asigombane na wanachama anahatarisha maisha ya watu.

Lakini nauliza, kwa nini tumwone mkaguzi siku ya kufunga tu? Mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilitoka Mamlaka ya Chakula na Dawa ikaenda Shirika la Viwango Tanzania. Mimi nililijua hilo siku nilipodaiwa cheti.

Naomba wakaguzi, maofisa ushirika na mabwana shamba waje pamoja kabla ya mavuno, wakutane na wanachama wenyewe, si meneja peke yake ofisini. Wawaonyeshe kuanika juu ya turubai badala ya ardhini. Wawaonyeshe pia kutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, kufunga na kutikisa: chumvi ikigandamana kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Mkulima akijipimia nyumbani, hatagombana nami mlangoni mwa ghala.

Nasi mameneja tusikae tukingoja. Leseni iliyotundikwa ukutani haikaushi mahindi. Tukatae gunia lenye maji, hata likiwa la mwenyekiti.

Mwanaushirika,
Kilosa.