Miaka tisa ni mingi mno

Ni kweli, usalama wa nchi sasa haulindwi mipakani peke yake. Ila tuanzie nyumbani. Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Malabo kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi Juni 2014. Ulihitaji kuridhiwa na nchi 15 tu, lakini ukaanza kutumika Juni 2023! Kenya ilitunga sheria yake ya kulinda taarifa mwaka 2019, Tanzania 2022. Ni hatua njema, lakini mhalifu wa mtandao haombi viza. Anaiba Nairobi akiwa bara jingine. Wanafunzi na wataalamu, msiishie kuzungumzia haya kwenye makongamano. Waulizeni wabunge wenu: nchi yetu imeridhia Mkataba wa Malabo? Kama bado, inasubiri nini?