Informatike haisomwi kwa chaki

Sisi vijana tunasema: inatosha! Katika mfumo wa LMD, lisansi ni miaka 3 na krediti 180. Krediti hizo hazihesabu tu saa za kumsikiliza profesa, zinahesabu na kazi ya mikono. Lakini wengi wetu wa informatike tunaandika programu kwa kalamu, tunakopi kodi kutoka ubaoni. Ukisahau nukta mkato moja, karatasi haikuambii kitu. Mashini ndiyo inakuambia.

Koltani inatoka Rubaya, kule Masisi, inaenda kutengeneza simu na ordinateri za dunia. Mtoto wa Masisi akifika chuo kikuu anaambiwa: ordinateri hakuna. Ni haya kubwa!

Tunadai mambo 3:
1. Pesa ya pratike tunayolipa, tuonyeshwe ilinunua nini.
2. Sale ya mashini ifunguliwe, umeme uwepo.
3. Hakuna pointi za pratike kwa mashini ambayo mwanafunzi hakugusa.

Ndugu mwanafunzi, usinyamaze. Uliza, andika barua, bila fujo, bila matusi. Diplome bila ujuzi ni karatasi tu. Hatutachoka.